Barua ya wazi kwa wanaopanga vipaumbele vya utafiti: plazima baridi imefutwa bila kusikilizwa

Mbeya

Kwako Mheshimiwa Mwenyekiti, na kwenu Waheshimiwa Wajumbe wa kamati inayopanga vipaumbele vya utafiti vya miaka kumi ijayo katika taasisi yetu,

YAH: KUONDOLEWA KWA UTAFITI WA PLAZIMA YA JOTO LA CHINI KATIKA RASIMU YA VIPAUMBELE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa msimamizi wa maabara ndogo ya umeme wa msongo mkubwa hapa Mbeya. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Barua ya kwanza niliipeleka masjala kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na nakala nikarudishiwa. Ya pili niliipitisha kwa mkuu wa idara kama utaratibu unavyotaka. Ya tatu nilimkabidhi katibu wa kamati, naye akaniambia kwa upole kwamba suala liko mezani. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Kisha rasimu ikatoka, na katika jedwali la maeneo yaliyoondolewa, mbele ya jina la fani yetu, pameandikwa maneno manne: “Haina uhusiano na mahitaji.” Maneno hayo ndiyo ninayoyajibu.

Kwa faida ya wasomaji wasio wa fani hii, plazima ninayoizungumzia si ile ya damu. Gesi ikipitishiwa umeme wa kutosha, elektroni hung'oka kutoka kwenye atomu zake, na gesi iliyokuwa haipitishi umeme hugeuka kuwa mchanganyiko unaong'aa wa elektroni, ioni na atomu zilizochangamka. Mwanakemia wa Marekani, Irving Langmuir, ndiye aliyeipa hali hiyo jina la plazima mwaka 1928. Radi ni plazima, na jua ni plazima, lakini hizo ni za moto mkali. Ile ya joto la chini, ambayo wengi huiita plazima baridi, ni ya aina nyingine: elektroni zake zina nguvu inayolingana na joto la nyuzi zaidi ya 10,000, ilhali gesi yenyewe hubaki na uvuguvugu tu, kiasi kwamba unaweza kuipitisha juu ya mbegu au ngozi bila kuiunguza. Mwanga wa taa ya tyubu ya zamani, ile isiyo ya LED, huanzia kwenye plazima ya aina hiyo, na mifereji midogo mno ya chipu iliyomo ndani ya simu yako ilichongwa kwa plazima. Werner von Siemens alitengeneza kifaa cha kuzalisha ozoni, gesi kali inayoua vijidudu, kwa njia hii mwaka 1857, na tangu mwaka 1906 mji wa Nice nchini Ufaransa ulikuwa ukisafisha maji ya kunywa kwa ozoni. Fani hii basi si ya jana, na si ndoto ya mwalimu mmoja.

Hoja zangu ni hizi zifuatazo.

1. Mahindi. Nyanda za Juu Kusini ni ghala la nchi. Hilo tunalisema kwenye kila hotuba. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, na kabla ya hapo, mwaka 2004, wenzetu wa mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 na kufariki 125. Sumu hii haiondoki kwa kupika. Ugali ulioiva vizuri bado huwa nayo. Nimesikia mjumbe mmoja akisema kwamba sumukuvu ni tatizo la mikoa yenye joto na ukame, kwamba huku kwetu kuna baridi. Ni kweli kwamba kuvu inayotengeneza aflatoksini, sumukuvu iliyoua watu hao, hupenda joto. Lakini mahindi ya huku hayabaki huku, yanapakiwa kwenye malori kuelekea kote nchini na nje ya mipaka, na safarini na kwenye maghala hukutana na joto na unyevu ambao mkulima wa Ileje au Ludewa hana uwezo nao. Tena baridi nayo ina kuvu wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliochukua mahindi ya akiba kutoka kwenye kaya za Tabora, Kilimanjaro, Ruvuma na Iringa, ulikuta fumonisini, sumukuvu ya kuvu wa aina nyingine, mara nyingi zaidi kuliko aflatoksini. Ruvuma na Iringa ni kwetu.

Plazima baridi inaingiaje hapo? Katika maabara nyingi duniani imeonyeshwa kwamba gesi hiyo iliyochangamka huua kuvu juu ya punje na kuvunja sehemu ya sumu yenyewe, bila maji na bila dawa inayobaki kwenye chakula. Sisemi kwamba kazi imekwisha. Plazima hufanya kazi juu ya uso wa punje, na sumu iliyojificha ndani, kwenye kiini, haifikiwi kirahisi. Mabaki ya sumu iliyovunjwa nayo lazima yapimwe ili tujue kama hayana madhara. Na jambo linalofanyika vizuri kwenye kisahani chenye punje ishirini linaweza kushindwa kabisa kwenye gunia la kilo mia. Hayo matatu, yaani kina, mabaki na wingi, ndiyo maswali ya utafiti ya miaka kumi ijayo, na sijui ni mahali gani panapofaa kuyauliza zaidi ya mahali ambapo mahindi yenyewe yapo, yanalimwa na yanaliwa.

2. Mwinuko. Hoja hii niliieleza kirefu kwenye barua ya pili, na nairudia kwa sababu ndiyo inayonionyesha kwamba barua haikusomwa. Jiji la Mbeya liko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Msongo wa hewa hapa ni takriban asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam. Tangu mwaka 1889, kwa kazi ya Friedrich Paschen, tunajua kwamba volti zinazohitajika ili hewa ipasuke na kupitisha umeme hutegemea msongo wa hewa hiyo pamoja na nafasi iliyopo kati ya vyuma viwili. Kwa maneno mepesi, kifaa kilichopimwa Ulaya karibu na bahari, kikaandikiwa maelekezo huko, kikiletwa Mbeya hakitafanya kazi ileile: kitawaka mapema zaidi, na mchanganyiko wa gesi kitakaoutoa utakuwa mwingine.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Kifaa chetu tulikijenga kwa transfoma ya taa za matangazo, tuliyoinunua imeshatumika kutoka kwa fundi mmoja wa Mwanjelwa, na vipande viwili vya kioo cha dirisha vilivyopakwa rangi ya fedha upande mmoja. Ukizima taa za chumba, katikati ya vile vioo unaona utando wa zambarau wenye nyuzi ndogondogo zinazocheza kama mvua ya mbali, na baada ya sekunde chache pua inapata harufu ile inayobaki hewani baada ya radi. Hiyo ndiyo ozoni. Mwezi wa saba, hewa ikiwa kavu na ya baridi, kipima ozoni kilipanda vizuri. Mwezi wa pili, katikati ya mvua, kifaa kilekile, kwa umeme uleule, kilitoa ozoni pungufu sana, na mbegu tulizozipitisha hapo zilichipua bila mpangilio unaoeleweka. Wanafunzi wangu walidhani wamekosea. Hawakukosea. Unyevu wa hewa hubadilisha kemia ya plazima, na hakuna aliyewahi kutuandikia jedwali la unyevu na mwinuko wa nyanda hizi. Jedwali hilo lisipotengenezwa hapa halitatengenezwa popote, kwa kuwa hakuna wa mbali mwenye haja nalo.

3. Vipimo. Ukimwuliza mfamasia dozi, atakutajia miligramu. Ukimwuliza mtafiti wa plazima alitumia dozi gani kwenye mbegu, mmoja atakutajia dakika, mwingine wati, mwingine kiasi cha ozoni, na hakuna njia ya kulinganisha kazi zao. Hili ndilo tatizo kubwa la fani nzima duniani, na wenzetu wa Ulaya waliliona, wakakubaliana kujenga kifaa kimoja cha rejea ambacho kila maabara inaweza kukitengeneza na kulinganisha matokeo. Kifaa hicho hutumia gesi ya heliamu. Waheshimiwa, mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Rukwa, hapo jirani yetu, lina heliamu. Rasimu yenu inaitaja heliamu hiyo katika ukurasa wa madini, kama bidhaa ya kuuza tu. Hakuna sentensi hata moja inayouliza sisi tutaitumia kwa lipi.

4. Mbolea na maji ya mito. Mwaka 1905, huko Notodden nchini Norway, kiwanda kilichobuniwa na mwanafizikia Kristian Birkeland pamoja na mhandisi Sam Eyde kilianza kutengeneza mbolea ya naitrojeni kutokana na hewa, kwa cheche kubwa ya umeme na nguvu ya maporomoko ya maji. Njia hiyo ilikula umeme mwingi mno, na baadaye ilishindwa na njia ya Haber na Bosch inayotumia gesi na msongo mkubwa. Plazima yao ilikuwa ya moto. Hesabu za nadharia zinaonyesha kwamba ile isiyo ya moto ingeweza kufunga naitrojeni, yaani kuitoa hewani na kuifanya mbolea, kwa nishati ndogo kuliko hata njia ya Haber na Bosch, ingawa mashine zilizopo leo bado ziko mbali na hapo. Sitawaahidi kiwanda. Naomba tu mkumbuke mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa urea ulipovuka shilingi 100,000 na serikali ikalazimika kuweka ruzuku, kisha mwangalie mabwawa ya umeme ya Kihansi na Mtera, na vijito visivyo na idadi vya Njombe na Rungwe vinavyoporomoka usiku na mchana. Nchi yenye hewa, maji na mlima, inayoagiza sehemu kubwa ya mbolea yake kutoka nje, ina haki ya kuwa na angalau watu wawili wanaofuatilia swali hili kwa karibu.

5. Mafundi. Rasimu inazungumzia maprofesa na shahada za uzamivu tu. Anayeiweka maabara hai ni fundi anayejua kufunga transfoma bila kujiua, kupuliza kioo na kutengeneza pampu ya utupu iliyokufa. Wa kwetu amebakiza miaka miwili astaafu, na hajapewa wa kumrithisha.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa nimeyasikia kwenye korido.

Litasemwa la fedha. Kifaa nilichokieleza hapo juu kiligharimu pungufu ya posho za kikao kimoja cha siku mbili. Vipimo vyake ndivyo ghali, na ndiyo maana naomba vyombo vya pamoja vitakavyotumiwa na watu wa kilimo, chakula, afya na fizikia, badala ya kila idara kununua chake na kukifungia kabatini. Tena nchi zenye uwezo kama wetu zimewahi kulifanya hili. Katikati ya miaka ya 1980, huko Malaysia, mwanafizikia Sing Lee alibuni mtambo mdogo wa plazima wa kilojuli 3 kwa makusudi kabisa, ili wanasayansi wa nchi zinazoendelea waujenge wenyewe, wajifunzie na warudi nao nyumbani. Kazi hiyo iliungwa mkono na kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, ambacho Abdus Salam wa Pakistan alikianzisha mwaka 1964 kwa ajili ya watu kama sisi. Mtambo ule ulikuwa wa plazima ya moto, lakini somo lake ni lilelile.

Litasemwa kwamba tusubiri nchi zilizoendelea zimalize, kisha tununue mashine. Mashine hizo tutazipata zikiwa zimepangwa kwa ngano yao, kwa hewa yao na kwa umeme wao usiokatika. Umeme wetu hukatika, na tunahitaji kujua nini hutokea kwenye gunia la mahindi plazima inapozimika katikati ya kazi. Nani mwingine atalipima hilo?

Litasemwa pia kwamba ozoni na umeme wa msongo mkubwa ni hatari. Hili nalikubali bila masharti. Ozoni huwasha mapafu hata ikiwa kidogo sana hewani, na transfoma ile ya Mwanjelwa inaweza kuua. Lakini hatari hiyo inadai chumba chenye feni ya kutolea hewa, kipimo cha ukutani na fundi aliyefunzwa, si kufutwa kwa fani. Kwa sasa, sisi tunafungua madirisha.

Na kama itasemwa kwamba wataalamu hatupo, naomba majina yatafutwe kabla ya kusema hivyo. Wanasayansi wa plazima ya joto la chini duniani waliketi wakaandika ramani ya maswali yao mwaka 2012, wakairekebisha mwaka 2017 na tena mwaka 2022. Kila mara waliuliza wanaofanya kazi yenyewe: kipi kinajulikana, kipi hakijulikani, kipi kinazuia. Kamati yenu haikumwita mtu hata mmoja wa maabara yetu. Haikumwita mkulima wa mahindi wala mwenye ghala, wala muuguzi anayesafisha kidonda cha kisukari kisichopona, ambaye angependa kusikia kwamba Ujerumani ilishaanza mwaka 2013 kutumia vifaa vya plazima vilivyoidhinishwa kwa vidonda vya aina hiyo. (Kuhusu vidonda naishia hapo, si eneo langu, na madaktari waulizwe wenyewe.)

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba mambo yafuatayo kabla rasimu haijapitishwa.

Kwanza, kamati itoe hadharani vigezo vilivyotumika kuweka na kuondoa kila eneo, pamoja na muhtasari wa kikao kilichoamua kwamba plazima baridi haina uhusiano na mahitaji. Kama kuna hoja niliyoikosa, nitaisoma na kuikubali.

Pili, kufanyike kikao cha siku moja hapa Mbeya kitakachowakutanisha watu wa fizikia, kemia, kilimo na usalama wa chakula, pamoja na wakulima na wenye maghala, ili swali la plazima na nafaka lipangwe kwa utaratibu: nini kianze, nini kisubiri, nani apime nini. Sihitaji posho, na nina hakika wenzangu wengi hawataidai.

Tatu, liwekwe fungu dogo la miaka mitatu kwa kazi mbili tu: jedwali la utendaji wa plazima ya hewa katika mwinuko na unyevu wa nyanda hizi, na majaribio ya mahindi kuanzia kisahani hadi gunia, yakiwa na vipimo vya sumu kabla na baada. Miaka mitatu ikiisha bila matokeo yenye maana, eneo hili lifutwe, nami sitaandika barua nyingine.

Nne, aajiriwe fundi kijana mmoja sasa, wakati mzee wetu bado yupo wa kumfundisha.

Kifaa chetu kipo, na mlango uko wazi siku yoyote ya kazi. Mjumbe yeyote akija, nitazima taa za chumba auone ule utando wa zambarau kwa macho yake, kisha nitamwonyesha daftari la matokeo, ya mwezi wa saba na ya mwezi wa pili, yakiwa yamekaa kurasa mbili zinazotazamana. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku thelathini, kupitia masjala ileile iliyopokea barua zangu tatu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa fizikia na msimamizi wa maabara ya umeme wa msongo mkubwa,
Mbeya

Nakala: Wakuu wa idara zote, viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini, wanafunzi wa fizikia wa mwaka wa tatu.